Jicho si Shahidi wa Uchawi

Wako watu wengi wanaoamini kwamba kikongwe mwenye macho mekundu, asahauye majina ya wajukuu wake na kutangatanga usiku, ni mchawi. Katika nchi jirani ya Tanzania, hasa huko Usukuma, vikongwe wengi wameuawa kwa imani hiyo, hali wekundu wa macho aghalabu huletwa na moshi wa jikoni. Mimi nasema jicho limesingiziwa vya kutosha. Lina habari nyingine ya kutueleza, nayo ni habari ya ubongo.

Nyuma ya jicho upo utando mwembamba uitwao retina, upokeao nuru. Mtoto aumbwapo tumboni mwa mamaye, utando huo huchipuka katika ubongo wenyewe. Kwa hiyo retina ni sehemu ya ubongo ambayo daktari aweza kuitazama bila kupasua fuvu. Mjerumani Helmholtz alitengeneza chombo cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851. Na mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walitangaza njia ya kupiga picha za matabaka ya retina kwa nuru tu, bila kisu wala maumivu.

Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 32,000 huko Uingereza. Wale ambao tabaka la nyuzi za neva katika retina yao lilikuwa jembamba walishindwa zaidi katika majaribio ya akili, na waliopimwa tena baada ya miaka michache walielekea zaidi kupungukiwa.

Je, tushangilie? Naam, lakini kwa kiasi. Ugonjwa wa glakoma nao hulipunguza tabaka lile lile, na kisukari huiharibu retina. Tukimwambia mtu ana demensia kwa picha ya jicho peke yake, tutakuwa tumerudia kosa la wale waliohukumu kwa wekundu wa macho. Tena, waliochunguzwa Uingereza karibu wote walikuwa Wazungu. Macho yetu yasipopimwa, tutavaa kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Wengine watauliza: ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, ya nini kuujua mapema? Jibu langu ni hili: ajuaye kwamba mama yake ni mgonjwa hamwiti mchawi. Humlinda asipotee, humsaidia kula, wala hamgombezi kwa kurudia swali lile lile. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa wa demensia milioni 57 mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao wamo katika nchi zisizo tajiri. Picha za ubongo ni ghali mno kwetu. Ile ya jicho huenda siku moja ikatufaa.

Basi, nawaomba ninyi mliotutangulia hapa shuleni, mlio madaktari na wauguzi, mdai macho ya wazee wetu yaingizwe katika uchunguzi huo. Nasi tulio bado darasani tuna kazi isiyongoja mashine yo yote. Tukienda likizo, tukisikia mzee anaitwa mchawi kwa sababu amesahau, tusinyamaze. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Na mzee aliyepoteza maneno yake anahitaji vijana wa kumsemea.