Nani atarudi na spana?

Pampu ya mkono aina ya Afridev hufunguliwa kwa spana moja tu. Kifuniko kikishatoka, fundi huvuta fimbo za chuma moja baada ya nyingine, akizinasua kwa mkono, mpaka pistoni ichomoze ikichuruzika maji. Mpira wake ukiwa umelika, anavisha mpya, anashusha fimbo, anafunga. Bomba refu lililomo kisimani haliguswi, wala hapana haja ya kusubiri winchi na gari la mradi kutoka mjini.

Wepesi huo haukuja kwa bahati. Pampu hiyo ilisanifiwa miaka ya 1980 huko Malawi na Kenya, na majaribio yake mengi yalifanyika Kwale, Kenya, ambako kamati za maji zenye akina mama zilifundishwa kuitunza wenyewe. Wahandisi walijiuliza mapema: ikifa, nani ataifufua, na kwa kifaa gani?

Wanafunzi wa uhandisi wanaofunga mabegi kila likizo kwenda kujitolea vijijini wanastahili kuulizwa hivyohivyo. Nia yao haina kasoro. Mwaka 2000 Bernard Amadei, profesa wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder, alialikwa San Pablo, kijiji cha Wamaya nchini Belize, ambako watoto walikosa masomo kwa sababu ya kuchota maji mtoni. Mei 2001 alirudi na wanafunzi wachache, wakafunga mtambo wa maji unaoendeshwa na maporomoko ya jirani, kwa gharama ya dola 14,000 hivi. Mwaka uliofuata likazaliwa shirika la Engineers Without Borders USA, ambalo baadaye lilizitaka timu zake zishikamane na kijiji kimoja kwa angalau miaka 5.

Sharti zuri, ila lina ugumu wake. Aliyeanza mradi akiwa mwaka wa pili atakuwa amehitimu na kuajiriwa kabla miaka hiyo haijaisha. Kijiji kinabaki na picha za uzinduzi na namba ya simu isiyopatikana.

Wenzao wa Engineers Without Borders ya Kanada walikuwa na ujasiri wa kulisema jambo hili hadharani. Mwaka 2008 shirika lao lilianza kuchapisha ripoti za miradi iliyoshindwa, jambo ambalo wafadhili wengi hulikwepa kama ukoma. David Damberger, mmoja wa wahandisi wake, alisimulia mwaka 2011 juu ya mradi wa maji ya mserereko nchini Malawi: kati ya mabomba 113, 81 hayakutoa tone. Pembeni yake palikuwa na mabomba ya mradi mwingine wa zamani, nayo yamekauka. Fedha za kujengea zilipatikana mara mbili. Za vipuri, na za kumlipa fundi, hazikupatikana hata mara moja.

Kuna njia nyingine. Huko Kyuso, kaunti ya Kitui nchini Kenya, watafiti wa Oxford walifunga ndani ya mikono ya pampu vifaa vidogo vinavyohesabu mipigo na kutuma taarifa kwa ujumbe wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi wa hapohapo anajua. Muda wa kusubiri matengenezo ulishuka kutoka siku 27 hivi hadi chini ya 3, na kazi hiyo ikazaa kampuni ya FundiFix, inayohudumia Kitui na Kwale. Vifaa vilisaidia, sawa, lakini anayepanda pikipiki na kwenda kisimani ni fundi anayelipwa.

Ndiyo maana vyuo vyetu vina nafasi ambayo mgeni hana. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi lazima afanye mafunzo kwa vitendo kabla ya kuhitimu. Wengi huishia ofisini wakipiga fotokopi. Wapelekwe vijijini kukagua visima vilivyochimbwa miaka 3 iliyopita, na wapewe alama kwa kilichotengenezwa, si kwa kilichozinduliwa. Mgeni kutoka Colorado akija, afanye kazi chini ya hao.

Na kabla hajapanda ndege aandike mambo matatu kwenye ombi lake: duka la karibu linalouza mpira wa pistoni, bei yake, na jina la mtu kijijini mwenye spana.