Saa si Omega, basi Omega umeiandika ya nini?

Leo nina ugomvi na kundi moja la watu: wauzaji wa minada ya mtandaoni wanaojaza majina yasiyohusika kwenye vichwa vya bidhaa zao. Unawajua. Unatafuta saa ya Omega, na tovuti inakuletea hii: "Saa maridadi ya kiume, si Rolex, si Omega, si Cartier." Sasa kama si Omega, Omega umeiandika ya nini? Hata mchuuzi wa Gikomba hawezi kusimama kwenye kibanda chake cha viatu akipiga kelele "Si blanketi! Si blanketi!" ili wanaotafuta blanketi wageuke. Atachekwa na soko zima.

Mtandaoni hatumcheki. Tunambofya.

Kwa wasio mafundi, nieleze kidogo. Injini ya kutafutia ya kawaida haisomi kama unavyosoma wewe. Ina kitu kama daftari kubwa: kila neno limeandikwa, na mbele yake kuna orodha ya bidhaa zenye neno hilo. Ukiandika Omega, inafungua ukurasa wa Omega na kukumwagia kila kilichomo. Neno dogo kama "si" halina uzito kwake, na injini nyingi hulitupa kabisa kwa sababu linatokea kila mahali. Kwa hiyo "si Omega" kwa binadamu ni kukana, kwa mashine ni kukiri. Muuzaji anajua hivyo, na ndipo anapojipenyeza.

Mchezo huu si mpya. eBay, iliyoanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995, imeupiga marufuku kwa miaka mingi: huruhusiwi kutaja chapa isiyo ya bidhaa yako ili kuvuta watafutaji. Kuna waliohamia kwenye maelezo, wakaficha majina kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe. Jicho halioni kitu, mashine inaona yote. Kurasa za kawaida za wavuti nazo zilipitia hayo hayo. Kulikuwa na lebo maalumu ya kutaja maneno muhimu ya ukurasa, watu wakaijaza uongo, hadi mwaka 2009 Google ikatangaza wazi kwamba haiitumii kupanga matokeo. Chombo kizuri kiliharibiwa na walafi.

Sasa nasikia utetezi: "Hayo ni matangazo tu bwana, nani ameumia?"

Ameumia muuzaji mkweli. Mnada si duka. Dukani bei imebandikwa. Mnadani bei inapandishwa na idadi ya watu wanaokishindania kitu kabla muda haujaisha. Januari 2004 gazeti la New York Times liliandika kuhusu watu waliokuwa wakipata pesa eBay kwa kununua vitu vilivyotangazwa kwa tahajia mbovu, kisha kuviuza tena kwa tahajia sahihi. Kitu kilikuwa kile kile. Kilichopungua ni macho ya kukiona, na bei ikaanguka pamoja nayo.

Basi mfikirie mwenye Omega halisi. Hakukosea hata herufi moja, lakini yuko ukurasa wa sita, amefunikwa na rundo la saa "si Omega". Siku zake 7 za mnada zinaisha na wanunuzi wawili badala ya kumi. Pesa alizokosa ni hasara halisi, ingawa hakuna risiti itakayoionyesha. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema kweli kwa soko ambalo chema kinaonekana. Kikizikwa, hakijiuzi.

Kuna atakayeniuliza: na anayeuza betri ya kutumika kwenye kompyuta ya Dell, asiandike Dell? Aandike! Mnunuzi mwenye Dell anamtafuta yeye hasa. Kipimo ni rahisi: aliyeandika neno hilo akifika kwako, atapata alichokuja kutafuta? Kama jibu ni hapana, umemdanganya.

Lakini wauzaji siwalaumu peke yao. Miaka michache iliyopita niliandika programu ya utafutaji ya tovuti ndogo ya kuuza vitu vilivyotumika. Niliweka kanuni moja: kichwa chenye chapa tatu au zaidi za aina moja ya bidhaa kinashushwa chini. Mistari michache tu ya msimbo. Matokeo yakasafika siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata mteja akaniagiza niiondoe. Kwa nini? Wauzaji waliokuwa wakijaza maneno ndio waliotangaza vitu vingi zaidi, na kila tangazo lilikuwa na ada yake. Niliiondoa. Sijivunii hilo.

Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa kwamba tatizo ni gumu kiufundi. Kuna tiba nyingi. Chapa ipewe sehemu yake ya kujaza, jibu moja tu, isitegemee kichwa. Matokeo yapimwe kwa wanunuzi: wakibofya na kukimbia mara moja, kitu kishuke. eBay yenyewe mwaka 2008 ilianza kupanga matokeo kwa kinachomfaa zaidi mtafutaji, badala ya mnada unaokaribia kuisha. Hakuna dawa itakayomaliza ujanja wote, lakini mwenye mnada anayewaachia wateja kazi ya kuripoti uongo huku yeye akipokea ada, ni mshirika.

Wakati tunawasubiri, chukua silaha hii. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha eBay, alama ya kutoa mbele ya neno huondoa kila kitu chenye neno hilo. Andika: Omega -Rolex -Cartier. Muuzaji wa Omega halisi hana sababu ya kumtaja Rolex. Tapeli anaitegemea.

Yale majina aliyoyapanga ili umwone, ndiyo yatakayomwondoa machoni pako.