Chimbeni Kabla ya Kujenga

Pale Laetoli, ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, palipangwa kujengwa makumbusho. Kabla ya ujenzi, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, walikwenda kuikagua ardhi. Wakachimba mashimo ya majaribio, ya mita 2 kwa 2, hapa moja na pale jingine. Katika baadhi ya mashimo hayo wakakuta nyayo.

Taarifa yao ilichapishwa Desemba 2016. Nyayo hizo ni 14, za zamadamu (viumbe wa kale wa jamii ya binadamu) wawili waliopita kwa miguu miwili juu ya jivu la volkano lililolowa, miaka milioni 3.66 iliyopita. Jivu likakauka, likageuka jiwe, likafunikwa. Mmoja wa wapita njia hao anakadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165 hivi, mrefu kuliko yeyote aliyepimwa kabla yake kwa nyayo za Laetoli.

Ugunduzi huo haukuletwa na msafara uliokwenda kuutafuta. Uliletwa na tathmini ya kabla ya ujenzi, ile ile ambayo waandaaji wengi wa miradi huiona kama karatasi ya kugongewa muhuri. Lau ingefanywa mezani kwa kuangalia ramani, msingi ungechimbwa, zege lingemwagwa, na hakuna ambaye angejua kilichopotea. Ndiyo maana tunasema: kila mradi mkubwa unaogusa ardhi ya Afrika Mashariki uanze na jembe la mwanaakiolojia, na jembe hilo lishikwe na mtu aliyesomea kazi hiyo na anayelipwa kuifanya.

Laetoli yenyewe inatosha kuwa ushahidi. Nyayo zilizoipa sifa duniani, zile zilizofukuliwa na timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey kuanzia 1978, ziko kama mita 150 tu kutoka kwenye mashimo ya Masao na Ichumbaki. Kwa karibu miaka 40 wataalamu na wageni walikwenda na kurudi pale, na nyayo nyingine zimelala jirani bila mtu kuzijua. Kama mahali palipochunguzwa kiasi hicho bado pana siri ya ukubwa huo, tutasemaje kuhusu mabonde ambayo hayajawahi kuguswa na mtafiti hata mmoja?

Kuna pia seti ya tatu ya nyayo, ambayo kisa chake kinasikitisha zaidi. Mwaka 1976 zilionekana Laetoli nyayo tano zilizofuatana, zenye umbo lisilo la kawaida. Baadaye ikatolewa hoja kwamba huenda ni za dubu aliyetembea kwa miguu ya nyuma, na hamu ya kuzichunguza ikafifia. Zikaachwa. Mwaka 2019 watafiti, miongoni mwao Charles Musiba, mzaliwa wa Tanzania, walirudi kuzitafuta na kuzifukua upya. Wakazipima, wakazilinganisha na nyayo za dubu, za sokwe na za binadamu. Desemba 2021 wakatangaza kwamba hazikuwa za dubu. Zilikuwa za zamadamu aliyetembea kwa namna yake, akivusha mguu mmoja mbele ya mwingine, tofauti na wale wa 1978. Maana yake ni nzito: yawezekana katika uwanda ule ule, wakati ule ule, walitembea zamadamu wa aina mbili. Ushahidi huo ulikaa zaidi ya miaka 40 bila kutazamwa, na ulisalia kwa sababu udongo ulioletwa na mvua uliufunika. Hiyo ni bahati, na bahati si sera.

Hata ulinzi uliofanywa kwa nia njema unaweza kudhuru usipofuatiliwa. Nyayo za 1978 zilifukiwa ili zisiharibike, lakini udongo uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga. Migunga ikaota, ikakua, mizizi ikashuka kuelekea kwenye nyayo na kuanza kuziharibu. Katikati ya miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania ilishirikiana na taasisi ya Getty ya Marekani kufukua, kuondoa mizizi, kisha kufukia tena kwa kitambaa maalumu cha kuzuia mizizi na mawe juu yake. Kwa hiyo malikale haiishii kwenye kugunduliwa. Inahitaji mtu wa kwenda kuiangalia mwaka hadi mwaka, na mtu huyo anahitaji mshahara, gari na mafuta.

Ardhi hii bado inatoa. Machi 2025 zilitangazwa zana 27 za mifupa kutoka Olduvai, zilizochongwa miaka milioni 1.5 iliyopita, nyingi kwa mifupa ya tembo na kiboko. Kabla ya hapo, uchongaji wa mifupa kwa utaratibu wa namna hiyo ulidhaniwa kuwa ulianza miaka milioni moja baadaye. Miaka miwili kabla, huko Nyayanga, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, ziliripotiwa zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Watafiti walielekezwa mahali hapo na mwenyeji aliyekuwa ameona mifupa na mawe yakitokeza kwenye mmomonyoko. Na kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania, yalipatikana magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, ya miaka 476,000 hivi iliyopita. Kwa kawaida mti haudumu muda huo. Huo ulidumu kwa sababu ardhi yake ilikuwa imelowa maji muda wote. Kausha ardhi hiyo na ushahidi unaoza.

Watakaotupinga watauliza kama barabara na visima visubiri mifupa ya kale. Hatusemi visubiri. Shimo la mita 2 kwa 2 haliangushi mradi wa mabilioni. Kinachoukwamisha mradi ni kukuta makaburi ya kale wakati katapila limeshaingia, mkandarasi anadai fidia ya kila siku na hakuna aliyepanga nini kifanyike. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayodai tathmini kabla ya miradi mikubwa. Tunachotaka ni sheria hizo zifanye kazi shambani. Tathmini ya malikale ihusishe kuchimba, siyo kupita na gari. Jina la mtaalamu aliyeifanya liandikwe kwenye ripoti, na ripoti iwe wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Mkataba wa mkandarasi uwe na siku zilizotengwa za kusimama pale kitu kinapoonekana, ili asiwe na sababu ya kukificha.

Wataalamu tunao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia tangu 1985. Inauma kuona kijana aliyesomeshwa kusoma tabaka za udongo akiishia kwenye kazi isiyohusiana kabisa na ardhi, wakati kuna halmashauri zenye maeneo ya kale yanayojulikana zisizo na mwanaakiolojia. Kila halmashauri ya namna hiyo iajiri angalau mmoja. Hilo halihitaji mfadhili kutoka nje.

Maabara ni suala gumu zaidi, nalo ni la nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, yalipatikana mabaki ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita akiwa amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Ni mazishi ya kale kuliko yote ya binadamu wa leo yanayojulikana Afrika, na taarifa yake ilitoka Mei 2021. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalishiriki katika uchimbaji tangu mwanzo. Mifupa ilikuwa laini mno kiasi cha kubomoka ikiguswa, hivyo ilichukuliwa pamoja na udongo wake ndani ya plasta, ikapelekwa Nairobi, kisha ikasafirishwa hadi Burgos, Hispania, kwenye maabara iliyoweza kuifukua kwa uangalifu uliohitajika. Wahispania walifanya kazi safi na wanastahili shukrani. Lakini mabaki kama hayo yatapatikana tena, na hatuoni kwa nini mawaziri wa Jumuiya wasikubaliane kujenga maabara moja ya pamoja, Nairobi au Arusha, yenye vifaa vya kiwango hicho na vijana wetu wakivitumia. Bajeti ijayo ianze na hilo.

Kwa wewe msomaji uliyeko kijijini, mchimba kisima, mchunga ng'ombe au fundi wa msingi: ukikuta mifupa iliyogeuka mawe, vigae vingi mahali pamoja au mawe yaliyochongwa makali, usiyavunje, usiyauze, usiyahamishe. Weka alama, piga picha, kisha mpe taarifa mtendaji wa kijiji, ofisi ya Mambo ya Kale au makumbusho yaliyo karibu. Wakikupuuza, tuandikie sisi.