AFYA NYUMBANI: Mimea Iwashayo na Dawa Zake

Mwaka jana, wakati wa mavuno ya mahindi, kijana mmoja wa jirani yangu aliingia kichakani kukata kuni, akatoka mbio akijikuna shingo na mikono kama mtu aliyevamiwa na siafu. Alikuwa amepita chini ya upupu. Watu waliokuwapo walimhurumia, na kila mmoja akaleta dawa yake: huyu majani, huyu kinyesi cha ng'ombe, na wa tatu mafuta ya taa. Zote tatu zikatumiwa. Mwasho wa upupu ulikwisha kabla ya jua kutua. Lakini ngozi iliyobabuliwa na mafuta ya taa ilichukua majuma mawili kupona. Basi nimeona yafaa tuzungumze habari hii, maana mara nyingi dawa ya kubahatisha humdhuru mtu kuliko mmea wenyewe.

Neno la kwanza ni kujua umeguswa na mmea gani, kwani mwasho ni mmoja lakini asili zake ni mbalimbali.

UPUPU. Maganda yake yamefunikwa na vinyweleo vidogo mno, vikali kama sindano, vyenye kitu kinachowasha. Kazi yako ni kuvitoa, wala si kuvisugua. Ukijikuna unavisukuma ndani na kuvieneza. Vua nguo polepole. Bandika plasta ya kunata juu ya ngozi, uibandue, kisha utumie kipande kipya, hivyo hivyo mara nyingi. Kama huna plasta, tumia donge la unga uliokandwa mpaka ukanata. Halafu mimina maji mengi na uoshe kwa sabuni taratibu. Nguo zile zifuliwe peke yake.

MNYAA. Huu ni mti wa ua wenye vijiti vya kijani na utomvu mweupe. Utomvu huo huunguza ngozi, kwa hiyo osha mara moja kwa sabuni na maji mengi. Ukiingia jichoni, usitie maziwa wala dawa yoyote ya kienyeji. Mimina maji safi kwa muda wa dakika 15 hadi 20 bila kukoma, kisha nenda hospitali siku ile ile, hata kama maumivu yamepungua. Kwa kuwa huweza kurudi kwa ukali baadaye, na jicho likaharibika.

MKOROSHO NA MWEMBE. Ndugu zetu wa Kilifi na Kwale wanayajua mafuta makali ya ganda la korosho. Mwembe ni wa jamaa hiyo hiyo, na utomvu wa kikonyo cha embe huwadhuru baadhi ya watu. Aliye na mzio huweza kutokwa na upele baada ya siku moja au mbili, hata amekwisha sahau alichoshika. Wengi hudhani maji ya malengelenge ndiyo yanayoeneza upele. Sivyo. Kinachoeneza ni mafuta yaliyobaki katika kucha, nguo na mpini wa panga. Vioshe vyote kwa sabuni.

Ama ule mmea wa nchi za baridi ambao Wakikuyu huuita thabai, usikutie hofu: osha kwa maji bila kusugua, na kwa kawaida mwasho hupungua baada ya saa chache.

Baada ya kuosha, weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi kwa dakika 15, mara kadhaa kwa siku. Dukani kwa mwuza dawa waweza kupata kalamini ya kupaka, au malhamu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, nayo ipakwe kidogo kwa siku chache tu, isikaribie macho. Kata kucha za watoto, wala usitumbue malengelenge. Kinyesi cha ng'ombe kisiguse ngozi iliyochubuka, kwa maana huweza kuleta pepopunda.

Usikae nyumbani ikiwa uso au koo limevimba, pumzi ni nzito, upele umeenea mwili mzima au umefika sehemu za siri, usaha unatoka, au kuna homa. Hayo ni ya daktari.

Mwisho, kata upupu ungali na maua, kabla maganda hayajakauka, ukiwa umevaa mikono mirefu. Takataka za mkorosho usizichome moto, kwani moshi wake hudhuru macho na mapafu. Tena weka plasta na kipande cha sabuni ndani ya mkebe, mahali panapojulikana na kila mtu nyumbani. Siku mtoto atakapokuja akilia, hutahitaji kuitafuta chupa ya mafuta ya taa.