Prosesa Mpya, Kompyuta ya Zamani na Amana ya Picha za Harusi



Wiki hii tunalo swali la mama mmoja wa Chaani, hapa kwetu Changamwe. Anasema binti yake hupiga video upande wa wanawake katika harusi, na kazi hiyo ndiyo inayolipa karo ya wadogo zake. Huhariri nyumbani, kwa kompyuta ya mezani ya mitumba, Dell OptiPlex 7010 yenye prosesa ya Core i5-3470. Video ya saa mbili ikishamalizwa kuhaririwa, mashine huachwa ikifanya kazi kwa muda wa saa 8, usiku kucha, ndipo litoke faili la kumkabidhi mwenye harusi. Fundi amemshauri abadilishe prosesa, atie Core i7. Jirani amemwambia aachane na gharama hiyo, apeleke kazi studio ya mjini itolewe huko upesi. Fedha zilizopo ni zamu ya chama aliyoipokea mama. Naye anauliza: tununue, tupeleke studio, au tukae na hiki tulicho nacho?

Tuanze na studio, kwa kuwa hilo halihitaji hesabu ndefu. Siku ya kupamba, wanawake huvua mabuibui, wakajipamba na kufurahi, kwa sababu wanajua hapana macho ya wasiowahusu. Ndiyo maana familia nyingi za pwani hukataza simu mlangoni na kumtafuta mpiga picha wa kike. Mwenye harusi anapomruhusu binti yako kuingia na kamera, amemruhusu yeye. Hakumruhusu yeye pamoja na vijana wa studio. Picha zile ni amana mkononi mwake, na amri ya kuzifikisha amana kwa wenyewe imo katika Surat an-Nisaa, aya ya 58. Sheria ya nchi nayo iko upande huo huo: Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azitunze, wala asizitumie kinyume cha lile alilopewa kwalo. Kuzipeleka picha hizo kwenye mashine ya mtu mwingine bila idhini ya wenyewe ni kufungua mlango usiofungika tena, maana faili likishanakiliwa halirudi.

Basi kasi ya mashine ya nyumbani kwa binti huyu si anasa. Kazi ikitoka upesi nyumbani, hatashawishika kuitoa nje. Lililobaki ni kujua kama prosesa ndiyo itakayoileta kasi hiyo.

Mashine inafanya nini usiku kucha? Video ni picha nyingi zinazofuatana upesi, na kila moja huitwa fremu. Video ya fremu 25 kwa sekunde, ikiwa ya saa mbili, ina fremu 180,000. Kila fremu ya ukubwa wa kawaida, 1920 kwa 1080, ina vitone zaidi ya milioni 2. Kompyuta huifungua kila fremu, ikaitia rangi na maandishi aliyoyaweka mhariri, kisha ikaibana pamoja na wenziwe ili faili lisiwe kubwa kupita kiasi. Kazi hii ndiyo wahariri waiitayo kurenda. Sehemu kubwa yake huangukia prosesa, ambayo Kiswahili cha vitabuni huiita kichakataji.

Lakini prosesa haifanyi kazi peke yake. Fikiria jiko la chapati siku ya shughuli. Wako wanaosukuma na kuchoma, nao ni mfano wa prosesa. Iko meza ya kuwekea madonge, nayo ni mfano wa kumbukumbu ya RAM. Liko ghala la unga, nalo ni mfano wa diski. Ukiongeza wachomaji wanne ilhali unga unaletwa kibaba kibaba, chapati haziongezeki. Wachomaji watakaa wakitazamana. Ndivyo ilivyo kwa anayenunua prosesa ya ghali na kuiweka juu ya diski nzito.

Kwa hiyo, mama, kabla ya shilingi moja kutoka, mwambie binti apime. Kipimo chenyewe ni cha bure. Mashine ikiwa inarenda, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager, na ndani yake ataona asilimia ya prosesa, ya kumbukumbu na ya diski. Atazame kwa dakika kumi, aandike anachokiona.

Akiona prosesa imeshika 100 au karibu yake muda wote, na vingine vimetulia, basi fundi amesema kweli: prosesa ndiyo inayochelewesha. Akiona diski ndiyo iliyofika 100 huku prosesa ikipanda na kushuka katikati, tatizo ni diski, na dawa yake ni diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka. Akiona kumbukumbu imejaa, aongeze RAM. Mashine hiyo hutumia ya aina ya DDR3, wala haikubali aina nyingine. Diski na RAM mara nyingi husaidia hata wakati wa kuhariri, si wakati wa kurenda tu.

Liko na jambo la nne, nalo sisi wa pwani tusilisahau: joto na vumbi. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Katika Task Manager ataona kasi yake kwa GHz. Ikiwa inaanza juu kisha inashuka na kubaki chini kadiri usiku unavyokwenda, yamkini feni imejaa vumbi na ile grisi iliyo baina ya prosesa na kipoozeo imekauka. Kupuliza vumbi na kupaka grisi mpya ni gharama ndogo sana. Watu wamenunua prosesa ilhali walichohitaji ni usafi.

Sasa tuseme amepima na kuona ni prosesa kweli. Je, anunue Core i7 aliyotajiwa? Hapa pana sharti la kwanza: prosesa haichukuliwi sokoni kama kitambaa. Kila ubao mkuu wa kompyuta, ule mafundi wanaouita madabodi, una tundu la aina moja, na prosesa isiyo ya tundu hilo haiingii. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ina tundu la LGA 1155, linalopokea prosesa za Intel za kizazi cha pili na cha tatu tu. Kwa hiyo Core i7-3770 itaingia, lakini Core i7-4770, ambayo jina lake limefanana nayo, ni ya tundu la LGA 1150 na haitaingia kamwe. Neno i7 peke yake halitoshi. Nambari zote nne zinazofuata zisomwe. Tena angalieni na jina la kompyuta yenyewe, maana Dell walilirudia jina la OptiPlex 7010 mwaka 2023 kwa mashine nyingine kabisa. Na kama kompyuta yenu ni laptopu, swali karibu limekwisha: katika laptopu nyingi za miaka ya karibuni prosesa imeunganishwa na ubao kwa risasi, haibadilishwi.

Sharti la pili ni kujua faida ni kiasi gani. Core i5-3470 ina viini vinne, yaani ni kama wachomaji wanne. Core i7-3770 nayo ina viini vinne vile vile, ila kila kiini kinaweza kushika kazi mbili kwa wakati mmoja, na mwendo wake umezidi kidogo, 3.4 GHz badala ya 3.2. Zote mbili hutumia umeme wa wati 77, kwa hiyo kipoozeo kilichomo kinatosha. Katika kubana video, tofauti hiyo huongeza kasi kwa kadiri ya robo hadi theluthi. Kwa hesabu ya binti yetu, saa 8 zitashuka ziwe kama 6 au 6 na nusu. Ni nafuu, lakini si ile aliyoiota. Usiku utabaki usiku. Na hiyo ni miongoni mwa prosesa zenye kasi kubwa zaidi mashine hiyo inazoweza kuzipokea; kwa njia hiyo amekaribia mwisho wa barabara.

Iko na njia ya tatu, nayo ni mashine nyingine ya mitumba iliyo changa zaidi. Kompyuta za ofisini za mwaka 2018 zenye Core i5-8500 zina viini sita, na kila kiini kina kasi kuliko vile vya zamani. Mashine ya namna hiyo yaweza kuukata muda wa kurenda karibu nusu. Tena kuna sababu ya usalama: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za kizazi cha tatu, ilhali hizo za kizazi cha nane inazikubali. Anayetunza picha za heshima za watu hana budi kulifikiria hilo, hasa ikiwa kompyuta yake imeunganishwa na intaneti.

Kabla ya yote hayo, yako mambo ambayo binti anaweza kuyafanya usiku wa leo. Ikiwa wateja hutazama kwa simu na runinga za kawaida, asitoe video kwa ukubwa wa 4K, kwa kuwa fremu moja ya 4K ina vitone mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080. Aitoe kwa fremu 25 ikiwa kamera ilipiga kwa 25, asiilazimishe 50. Atazame pia kama programu yake ya kuhariri ina nafasi ya kutumia kile kipande cha kubania video kilichomo ndani ya prosesa nyingi za Intel tangu mwaka 2011. Si kila programu hukitambua katika mashine za zamani, basi ajaribu kwa video ya dakika mbili na kulinganisha muda na ubora wa picha. Na azungumze na wenye harusi: wengi watafurahia zaidi video ya dakika 20 iliyochaguliwa vizuri kuliko ya saa mbili. Dakika 20 ni fremu 30,000 badala ya 180,000, sehemu moja ya sita ya kazi.

Mkiamua kubadilisha prosesa, nina wasia mmoja ambao ni mkubwa kuliko nambari zote hizi: mtoe diski kabla ya kompyuta kutoka nyumbani. Kubadilisha prosesa hakuhitaji diski. Fundi akimaliza, atawasha mashine na jina la prosesa mpya litaonekana katika kurasa za mipangilio ya BIOS bila diski kuwemo. Huku si kumdhania vibaya fundi; ni kumwondolea yeye na wewe shaka. Itakuwa ajabu kukataa studio kwa kuilinda amana, kisha amana hiyo hiyo ikakae siku tatu juu ya meza ya duka. Hali kadhalika mkiuza mashine ya zamani: diski ibaki kwenu.

Katika kununua, wekeni sharti la khiyari, yaani haki ya kurudisha. Katika madhehebu yetu ya Shafi muda wake hauzidi siku tatu. Liandikwe katika risiti. Katika siku hizo binti arende video moja ile ile aliyoirenda kabla, alinganishe saa. Msimamie na kazi yenyewe ya kubadilisha, kwa kuwa pini za tundu hilo ziko juu ya ubao na ni laini. Zikipinda, ubao mzima huenda ukaharibika. Wala msichukue mkopo wa riba kwa ajili ya kuharakisha video. Wahenga wamesema mali bila daftari huisha bila habari: binti aandike kila harusi imeleta kiasi gani na imemchukua usiku ngapi, na daftari hilo litawaambia lini kazi inaweza kujinunulia mashine yake.

Jawabu langu, mama, ni hili. Studio, hapana. Leo apime, asafishe vumbi, apunguze ukubwa na urefu wa video. Ikiwa diski au RAM ndiyo yenye tatizo, nunueni hiyo, na mtakuwa mmetumia kidogo. Ikiwa ni prosesa, nunueni Core i7-3770 endapo tu bei yake ni ndogo mbele ya bei ya mashine ya 2018. Ama ikikaribia nusu yake, iwekeni fedha ya chama, mwongeze kidogo kidogo, mnunue hiyo mashine. Hadi siku hiyo, iacheni kompyuta ifanye kazi usiku mkiwa mmelala. Mwenye harusi aliyengoja siku mbili zaidi hatakulaumuni. Aliyeziona picha za binti yake mikononi mwa wageni hatakusameheni kwa wepesi.

Wabillahi tawfiq.