Mama asifunge genge kufuata fomu ya chakula cha mwanawe

Mfanyabiashara mdogo anajua gharama ya kufunga genge siku moja. Nyanya zilizoiva hazingoji kesho, mteja aliyekukosa leo anahamia kwa jirani, na nauli iliyotumika hairudi. Ndiyo maana msaada unaomtaka mama apoteze siku nzima kwenye foleni una bei yake, hata kama unaitwa wa bure.

Ndugu msomaji, wiki hii napenda tutazame mfano wa Marekani, kwa sababu jambo hili linamgusa mkulima na muuza duka kuliko wengi wanavyodhani.

Nchi hiyo ina mpango wa lishe uitwao WIC, ulioanza kwa majaribio mwaka 1972. Unawahudumia wajawazito, wanaonyonyesha, waliojifungua karibuni na watoto wa chini ya miaka mitano katika familia zenye kipato kidogo. Mama hapewi fedha mkononi. Hupewa kadi ya kununulia vyakula vilivyopangwa, kama maziwa, mayai, maharage, matunda na mboga, katika maduka yaliyoidhinishwa. Mwaka 2023 mpango ulihudumia wastani wa watu milioni 6.6 kila mwezi.

Hata hivyo, mwaka 2022 waliofikiwa walikuwa zaidi kidogo tu ya nusu ya waliostahili. Sababu ziko nyingi, lakini mojawapo ni safari. Kwa miaka mingi sharti lilikuwa mama na mtoto wafike ofisini wenyewe kujiandikisha, kisha warudi muda wa kuhuisha usajili ukifika. Kwa mama anayelipwa kwa saa, kila safari ni mshahara uliokatwa.

Machi 2020, corona ilipoingia, Bunge la nchi hiyo liliruhusu sharti hilo lisimamishwe. Akina mama wakasajiliwa kwa simu, nyaraka zikatumwa kwa picha, na ushauri wa lishe ukatolewa kwa mazungumzo ya simu. Sheria ya mwaka 2021 ikatenga dola milioni 390 za kuboresha mpango, na ruhusa zilizotolewa chini ya sheria hiyo zikawekewa ukomo wa Septemba 2026.

Wapo wanaopinga. Wanasema mtoto asiyeonekana hawezi kupimwa uzito, urefu wala damu, na kwamba mpango wa lishe usio na mzani ni ugawaji wa chakula tu. Hoja hii ni nzito na haifai kubezwa. Upungufu wa damu hauonekani kwa simu. Lakini kupima ni jambo moja na kujaza fomu ni jingine. Vipimo vilivyochukuliwa na daktari wa mtoto vinaweza kutumwa ofisini bila mama kusafiri mara mbili. Mzani ubaki, foleni iondoke.

Kuna somo jingine ambalo wafanyabiashara watalielewa upesi. Katika majimbo ambako salio hutunzwa kwenye kompyuta kuu, kadi ilijazwa mama akiwa nyumbani. Lakini kulikotumika kadi inayobeba salio ndani yake, mama aliyesajiliwa kwa simu bado alilazimika kuipeleka ikajazwe. Usajili wa mbali ulioishia nusu njia haukumwondolea safari.

Sasa mkulima anapata nini? Kabla ya 2021, fungu la mtoto la matunda na mboga lilikuwa dola 9 kwa mwezi. Mwaka wa fedha 2024 lilifika dola 26. Fedha hiyo haibebwi kwenda mwezi unaofuata, hivyo isipotumika inapotea. Tangu 1992 upo pia utaratibu wa kuwapa akina mama wa mpango huo hati za kununua mazao moja kwa moja kwa wakulima sokoni. Kwa hiyo kila mama anayekata tamaa kwa sababu ya foleni ni mteja aliyepotea kwa muuza mchicha, na ni sahani iliyopungua kwa mtoto.

Hapa kwetu mpango wa TASAF wa kunusuru kaya masikini umekuwa ukitoa ruzuku inayoambatana na sharti la kupeleka watoto kliniki. Aidha, pesa kwa simu tumeizoea tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mama tayari anabeba kadi ya kliniki na mtoto tayari anapimwa. Mpango wowote wa lishe utakaobuniwa uanzie hapo: siku ya mzani iwe ndiyo siku ya usajili, na yanayofuata yamalizwe kwa simu.

Lakini tusijidanganye. Si kila mama ana simu yake, na si kila mwenye simu anasoma. Huyo asajiliwe na mhudumu wa afya wa kijijini kwake, asiambiwe arudi wiki ijayo.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nasi wa sokoni tuongeze kwamba mama anayelea hapaswi kulipa siku ya biashara yake ili mwanawe apate yai.