Mafuta matupu nayo yapimwe

Nimefurahi kusoma katika makala yenu kwamba ngozi za watoto walioshiriki jaribio la dawa ya kupaka ya ikithiosisi, ugonjwa wa ngozi kavu yenye magamba, zililainika. Lakini zimelinganishwa na nini? Ngozi yenye ikithiosisi hupoteza maji muda wote, kwa hiyo hata vaselini tupu hupunguza magamba ukiipaka kila siku. Kwa mwanangu naliona hilo. Jaribio la haki humpaka mgonjwa dawa mkono mmoja na mafuta yaleyale yasiyo na dawa mkono wa pili, na yeye wala daktari asijue upi ni upi.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni damu. Ngozi hii haina kinga kamili, dawa hupenya. Mwaka 2001 iliripotiwa kwamba wagonjwa 3 wenye sindromu ya Netherton, aina mojawapo ya ikithiosisi, waliopakwa dawa ya takrolimusi, walikutwa na viwango vikubwa vya dawa hiyo kwenye damu. Hata asidi ya salisiliki, inayouzwa kila duka la dawa, imewahi kuwadhuru watoto wenye ngozi ya aina hii kwa sumu. Na isotretinoini ya kumeza huleta ulemavu kwa mtoto aliye tumboni, hivyo ya kupaka nayo isichukuliwe kirahisi kwa wasichana.

Ndugu mwandishi, hao watoto walipimwa damu?